Ushauri: Tupo Kathmandu, mwenye nyumba anataka kutupaka tika ya Dashain

Wakuu habari za muda huu. Mimi ni Mlutheri kutoka Iringa, nipo Nepal na mume na mtoto, mume ana mkataba wa kazi huku. Mliona wenyewe yaliyotokea mwezi huu wa Septemba 2025, serikali ilifungia mitandao 26 ya kijamii mpaka WhatsApp, vijana wakaingia barabarani tarehe 8 wakapigwa risasi, kesho yake Bunge linawaka, Singha Durbar (makao makuu ya serikali) inawaka, waziri mkuu Oli kajiuzulu. Waliokufa wamepita 70. Akapewa nchi mama Sushila Karki, jaji mstaafu, aishikilie mpaka uchaguzi wa Machi 5, 2026. Mtaani kumetulia ila wafungwa maelfu walitoroka, kwa hiyo geti tunafunga mapema.

Kilichonileta ni hiki. Tarehe 9 walichoma nyumba ya kigogo mmoja mtaa wa nyuma, moshi ukaingia mpaka chumbani, mama mwenye nyumba (Mhindu, tunamwita Aama) akapanda mwenyewe kutugongea akatushusha kwake, tukalala sebuleni kwake tunakula wali na dengu zake mpaka wanajeshi walipolegeza kafyu. Sasa ni Dashain, sikukuu yao kubwa kuliko zote, na Alhamisi Oktoba 2 wazee wanawapaka wadogo tika kwenye paji la uso, yaani mchele umechanganywa na mtindi na rangi nyekundu, halafu wanakuchomeka na majani machanga ya shayiri sikioni. Aama ameshasema sisi ni wanawe tushuke na mtoto. Mchungaji wa hapa anasema Mkristo hapaki. Nimkatalieje mtu aliyetuficha?

Ngosha wa Mwanza: Dada baraka za mzee zinakataliwaje? Anakuombea maisha marefu basi. Hata Naamani kwenye Biblia aliomba ruhusa ya kuinama kwenye hekalu la mungu Rimoni na nabii Elisha akamwambia nenda kwa amani. Paka, nawa, lala.

BintiSayuni: Naamani alikuwa mtumishi wa mfalme, wewe umeajiriwa na Aama? Hiyo tika inatoka madhabahuni kwa Durga, mungu wao wa kike. Hapana ni hapana.

mchafukoge: Sema una msiba. Kule mwenye msiba wa mzazi hapaki tika mwaka mzima hata awe Mhindu, atakuelewa fasta 😂

Kalanki_Stendi: @mchafukoge acha utani, mwaka huu kuna wazazi hapo wamezika watoto kweli. Dada nimeishi Kathmandu, sikiliza. Hapo mtu kutopaka siyo ajabu kama unavyodhani, kinachouma ni kukataa siku yenyewe, mzee kashakaa na sahani yake na ndugu wote wanaangalia. Nenda kabla, peke yako, na matunda, mwambie kwa mdomo wako kwamba imani yako hairuhusu ila unaomba akubariki kwa maneno. Alhamisi mshuke wote mmependeza, mpige namaste (salamu yao ya viganja pamoja) kwa kuinama, mtoto apokee hela yake ya sikukuu. Halafu fikiria Jumamosi, maana ndiyo siku ya kwenda kanisani huko. Kwenye hilo kanisa kuna watu walitengwa na familia kwa sababu ya tika hiyohiyo, wewe mgeni ukipaka, ndugu zao ndio watakaowaambia mbona yule dada Mkristo kapaka. Jingine, usigeuze mazungumzo kuwa mahubiri, kumbadili mtu dini huko ni kosa la jinai, kifungo mpaka miaka 5 na mgeni anarudishwa kwao. Na ubalozi wetu wa karibu uko New Delhi.

Mleta uzi: Asante kaka Kalanki. Nilipopeleka kodi nikaona shayiri ameshaotesha kwenye kile chumba chake cha giza, imechipua ya njano, roho ikaniuma. Kesho asubuhi nashuka. Na nyama je? Mbuzi kashafungwa uani.

BintiSayuni: Wakorintho wa Kwanza sura ya 10. Ukishaambiwa imetolewa sadaka, usile.

Kalanki_Stendi: Na huyo wa uani ni sadaka, siku ya Navami, yaani ya tisa ya Dashain, wanachinja mpaka wa kunyunyizia magari damu. Mwambie kesho hiyohiyo, kwake mtakula mboga na dengu, ameshawazoea. Toeni na hela kabla ya Jumatatu, watu wakishaenda vijijini maduka yanafungwa na ATM zinakaukaga.