Tupeane uzoefu: kuhoji mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu wa kijiji bila mkutano kuvunjika

Mlalahoi wa Kitongoji:
Wakuu, robo ya Julai hadi Septemba ndiyo hiyo inafungwa na mikutano mikuu ya vijiji itaitishwa. Wenye uelewa wa hizi taratibu washuke hapa: taarifa ya fedha inahojiwaje mpaka jibu lipatikane na lisipotelee hewani? Vyama na majina ya watu tuyaache nje ya uzi.

Katibu Kata Mstaafu:
Kazi inaanza kabla ya mbiu. Hoja ikisubiri "mengineyo" hesabu imekufa, kwa sababu hapo nusu ya watu wameshanyanyuka na mwenyekiti akisema muda umekwisha hakuna wa kumbishia. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mtendaji wa kijiji, yeye ndiye katibu wa mkutano, uombe hoja iwe ajenda. Nakala mbili: moja anabaki nayo, ya pili agonge muhuri wa kupokea na kuandika tarehe. Nakala ya pili ndiyo ushahidi wako, usiiache ofisini hata akikuahidi kukuitia kesho.

Akigoma kugonga, mpitie mwenyekiti wa kitongoji chako. Wenyeviti wa vitongoji ni wajumbe wa halmashauri ya kijiji, na ajenda hupita huko kwanza. Barua isainiwe na watu watano au sita wa vitongoji tofauti. Sahihi zote zikiwa za ukoo mmoja, au za watu wanaojulikana kwa chama kimoja, utajibiwa kisiasa badala ya kihesabu.

Mama Daftari:
Naongezea kwenye taarifa yenyewe, maana wengi huanzia kwenye matumizi na hapo ndipo wanapigwa chenga. Anza juu kabisa. Bakaa, yaani salio lililobaki, iliyofunga robo iliyopita lazima iwe sawasawa na ile iliyofungua robo hii. Kwa hiyo nenda na taarifa ya robo iliyopita mkononi. Kama ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, ipige picha siku hiyohiyo, isije ikanyeshewa au kubanduliwa.

Mfano: robo iliyopita ilifunga na 412,000, hii imefunguliwa na 142,000. Tofauti ni 270,000. Kabla ya kupaza sauti, gawanya kwa 9. Ikigawanyika bila baki, inawezekana kabisa aliyeandika amepisha tarakimu, 41 ikawa 14. Haithibitishi kwamba hakuna wizi, ila inakuonyesha swali la kuanza nalo: "Hii ni kosa la kuandika, au kuna 270,000 inayohitaji maelezo?" Mtu aliyekosea kuandika atashukuru. Aliyekula atatoka jasho.

Ukimaliza hapo, chukua chanzo kimoja tu cha mapato, tuseme ushuru wa mnada, uombe jumla ya stakabadhi za robo hiyo. Jumla ya stakabadhi, mstari kwenye taarifa, na kilichoingia benki: vitatu hivyo vikae pamoja. Palipo na pengo mara nyingi ni fedha iliyotumika mbichi kabla ya kupelekwa benki, na wenyewe watakuambia "ilikuwa dharura". Basi waonyeshe muhtasari wa halmashauri ya kijiji ulioidhinisha dharura hiyo.

Kibuyu:
Mambo mazito hayo. Kwetu sisi ngumbaru si bora kumwaga yote kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, watu wachachamae wenyewe?

Mama Daftari:
Kibuyu ndugu yangu, kundi linafaa kusambaza picha ya taarifa na kukumbushana saa ya mkutano. Halina muhtasari. Ukimtuhumu mtu humo, siku ya mkutano ajenda itakuwa maneno yako, na ile 270,000 hakuna atakayeigusa.

Shamba Darasa:
Namna ya kuuliza: namba moja, mstari mmoja, swali moja, kisha kaa. Ukiunganisha maswali manne utajibiwa lile jepesi. Usitaje jina, taja kifungu. Na mpange watu, mmoja aulize ushuru, mwingine mchango wa darasa, na mmoja awe mama, maana akina mama ndio wanaokusanya michango mingi na wanajua nani alitoa nini. Saa pia ni siasa: mkutano wa asubuhi msimu wa kupalilia ni wa wasiokwenda shamba. Ombeni saa nane mchana.

Katibu Kata Mstaafu:
Jambo moja linalosahaulika ni karatasi ya mahudhurio. Karatasi isiyo na kichwa cha habari ni hatari kuliko hesabu mbovu, kwa sababu inaweza kuchomolewa na kuambatishwa kwenye muhtasari mwingine, hasa wa ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia kwanza, ndiyo maana majina yenu yana thamani. Kila ukurasa juu uandikwe tarehe, mahali na ajenda, pamoja na "ukurasa wa 2 kati ya 5". Mkutano ukifungwa, pigwe mstari chini ya jina la mwisho, idadi iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, mwenyekiti na katibu wasaini hapohapo.

Kura vilevile. "Wajumbe waliridhia" haitoshi. Ahesabu mtu mmoja wa kila upande, wapite mstari kwa mstari, na muhtasari utaje waliokubali, waliokataa na wasiopiga.

Mlalahoi wa Kitongoji:
Na taarifa ikikataliwa, au mtendaji akificha vitabu?

Katibu Kata Mstaafu:
Mkutano ukiikataa, muhtasari uandike imekataliwa kwa mstari upi, nani arekebishe na irudi tarehe gani. Bila tarehe itazikwa. Vitabu vikifichwa, omba kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Wana siku 30 za kukujibu. Kisha nakala kwa mtendaji wa kata na diwani, anayeongoza kamati ya maendeleo ya kata, halafu mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, nenda ukiwa na karatasi zote hizo kwenye bahasha moja, zimepangwa kwa tarehe, barua yenye muhuri ikiwa ya kwanza.