Naomba ushauri: bolti mbili za juu za gia boksi ya Hiace, mkono haufiki. Ninunue spana gani?

Kijana wa Igoma

Wakuu habari za jioni.

Niko Mwanza, nina gereji ndogo. Nimeletewa Hiace ya abiria, injini ya dizeli 5L, klachi inateleza, kwa hiyo lazima gia boksi ishuke. Propela nimetoa, stata nimetoa, bolti za chini na za pembeni zimetoka zote bila shida. Zimebaki mbili za juu kabisa, zile zilizojificha kati ya gia boksi na sakafu ya gari. Vichwa ni namba 17.

Ya kulia naigusa kwa ncha za vidole, kuiona siioni. Ya kushoto naiona kwa kioo na tochi, ila spana ya ringi ikishaingia haina pa kuzungukia, inagonga bodi kabla haijafika kona ya pili. Racheti ya nusu inchi ikiwa na soketi yake ni nene mno, haipiti. Na fundi aliyewahi kuifungua hii gari huko nyuma aliacha bolti ya kushoto imeanza kuliwa kona, ndiyo maana naenda nayo taratibu. Ikikatikia humo ndani, mwenye gari atakaa bila riziki wiki nzima.

Nilivyo navyo: spana za kawaida (ringi upande mmoja, mdomo upande mwingine), racheti ya nusu inchi, estensheni moja fupi (fimbo ya kurefushia soketi), na soketi za kona 12. Jirani ananiambia nitafute krofuti. Mwingine anasema ninunue spana ya racheti yenye shingo inayopinda. Bajeti yangu ni Sh 60,000, hela ya kununua kimoja kibaya halafu nirudi dukani tena sina.

Mliowahi kuzitoa hizi bolti, mlitumia nini?

Mdau_Gerezani

Spana ya racheti yenye shingo ya kupinda, mkuu. Ile ringi yenye meno ndani. Nyembamba, inaingia popote, na huhitaji kuitoa na kuirudisha. Nikitakiwa kubaki na kifaa kimoja tu kwenye boksi langu, nitabaki na hiyo.

Dizeli Mkongwe

Kijana, kabla hujanunua chochote nijibu: mkia wa gia boksi umeushusha, au bado umekaa kwenye krosimemba yake, kile chuma cha kukingama kinachoubeba?

Kijana wa Igoma

Bado mzee. Krosimemba sijaigusa, niliogopa gia boksi itaning'inia kwenye hizo bolti mbili.

Dizeli Mkongwe

Basi hapo ndipo kazi ilipo. Wengi wanalala chini ya gari wakitafuta spana ya kuingia kwenye nafasi ambayo haipo. Tengeneza nafasi kwanza, spana baadaye.

Gari iwe juu ya stendi imara, siyo jeki peke yake. Waya hasi wa betri uwe umetoka, maana ule waya mnene uliotoa kwenye stata una moto muda wote, hata swichi ikiwa imezimwa. Kisha weka jeki ya pili chini ya gia boksi, kipande cha mbao katikati, ibebe kidogo tu mpaka krosimemba iwe nyepesi. Toa krosimemba. Sasa shusha jeki polepole. Gia boksi bado imeshikana na injini, kwa hiyo vyote viwili vinainama pamoja juu ya maunting za injini: mkia unashuka, na ile sehemu ya juu yenye bolti zako inaachana na sakafu.

Wakati unashusha, mtu mmoja awe anaangalia mbele na nyuma ya injini. Feni isiguse kava lake wala rejeta, hosi zisivutike, waya zisibanwe, na vifaa vya kubadilishia gia viwe vimeachanishwa. Kitu kikianza kuvutika, simamisha jeki hapohapo.

Ukishashusha, usiendee bolti kutokea pembeni. Iendee kutokea NYUMA. Unganisha estensheni ndefu mbili au tatu, zipite juu ya mgongo wa gia boksi mpaka ziishie karibu na mkia, pale ambapo racheti ina uwanja wa kuzunguka. Mbele kabisa iwe soketi, na kati ya soketi na estensheni kiwe kile kiungo kinachopinda, yunivaso. Wewe umelala nyuma ya gia boksi huku kazi inafanyika kule mbele. Bolti huhitaji kuiona tena. Msaidizi anaongoza soketi kwa kidole mpaka ikae, anatoa mkono, ndipo unavuta.

Kwa hiyo nunua estensheni ndefu, yunivaso, na soketi moja ya 17 yenye kona SITA. Bajeti yako itatosha usipokimbilia seti za boksi kubwa lenye vitu usivyohitaji.

Mdau_Gerezani

Mzee nakuheshimu, ila yunivaso kwenye bolti iliyokazwa na kuota kutu ni hatari. Inakunja shingo, soketi inakaa upande, kona zinaliwa. Na yake tayari imeshaanza kuliwa.

Dizeli Mkongwe

Ni kweli kama imepinda sana. Ndiyo maana nasema ushushe mkia mpaka estensheni ziwe karibu zimenyooka, yunivaso ibaki na kazi ya kurekebisha kidogo tu. Ukiona imekunja kama kiwiko cha mkono, shusha tena, bado hujafika. Nami naizungushia tepu ya umeme ili isilegee na kuanguka upande wakati naiingiza. Inabaki inapinda, ila inakaa pale unapoielekeza.

Na hiyo spana yako ya racheti, Mdau, mimi pia ninayo na naipenda. Lakini ni ya kumalizia, siyo ya kuanzia. Meno yake ndani ni madogo. Bolti iliyogandana ukiivuta nayo, hasa ukiongezea bomba kwenye mkono, meno yanakatika na spana inabaki inazunguka bure. Legeza kwanza kwa kitu kigumu kisicho na meno, kisha iite racheti.

MekanikaNakuru

Mimi niko Kenya, matatu za aina hii nimezifungua sana. Naunga mkono mzee, ila niongeze kitu juu ya kona, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi wanapoharibu.

Soketi ya kona 12 inashika bolti karibu na ncha za pembe. Kwa bolti mpya haina neno. Kwa bolti iliyokwisha kuliwa, inateleza. Soketi ya kona 6 inabana kwenye ubapa wa kichwa, mbali kidogo na pembe, kwa hiyo bado ina mahali pa kushika. Tofauti ni kubwa mno kwenye bolti kama hiyo ya kushoto.

Sasa kuhusu nafasi ya kuzungushia. Spana ya ringi ya kona 12 inahitaji nyuzi 30 kabla hujaihamisha kona. Racheti ya meno 24 inahitaji nyuzi 15. Ya meno 72 inahitaji nyuzi 5 tu. Kwa hiyo ukinunua racheti, uliza idadi ya meno, au izungushe kwa mkono pale dukani uhesabu milio. Mahali finyu, racheti ya meno mengi inafanya kazi ambayo ya meno machache haiwezi hata kuianza. Lakini kwa mpango wa mzee, ukiwa nyuma ya gia boksi una uwanja wa kutosha, hata hiyo racheti uliyo nayo itafaa. Pesa weka kwenye soketi na estensheni.

Angalia pia chuma. Zilizoandikwa Cr-V ni za kazi ya mkono. Zile nyeusi nene za Cr-Mo ni za mashine ya kugonga. Ukiazima mashine ya kugonga, usiiweke kwenye soketi ya Cr-V wala kwenye yunivaso ya kawaida, inaweza kupasuka na vipande kuruka usoni. Miwani, tafadhali. Unalala chali na kutu yote inadondokea machoni.

fundibomba_tanga

Sisi mafundi bomba tuna spana ya fimbo ndefu yenye taya juu, inafungua nati za bomba nyuma ya sinki pasipofikika kabisa. Inaweza kumsaidia?

MekanikaNakuru

Hapana ndugu. Ile taya inang'ata kwa meno, na mkono wake ni kipini kidogo. Kwa nati ya bomba ni sawa, kwa bolti 17 ya gia boksi itatafuna kichwa kabla haijatoa nguvu ya maana.

Kijana wa Igoma

Asanteni sana. Kwa hiyo krofuti niachane nayo kabisa? Nimeiona dukani leo, ni kichwa cha spana kisicho na mkono, kina tundu la mraba la kuchomekea racheti. Nilidhani ingepenya.

Bi_Nozeli

Hiyo naijua vizuri, nafanya kazi ya pampu na nozeli za dizeli. Krofuti ni kifaa kizuri sana mahali pake. Mahali pake ni nati ambazo soketi haiwezi kuzivaa kwa sababu kuna paipu inayopita katikati, kama paipu za kutoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli, au paipu za breki. Hapo soketi haina njia, lazima kitu chenye mdomo wazi. Na hata hapo chagua ile ambayo ni ringi iliyokatwa nafasi ya kupitisha paipu, inashika kona nyingi kuliko mdomo wa kawaida.

Bolti yako haina paipu katikati. Kuitumia mdomo wazi, unaoshika pande mbili tu, kwenye kichwa ambacho kimeshaliwa ni kuimalizia. Usinunue kwa kazi hii.

Siku utakapoinunua kwa kazi nyingine na ukataka kukaza kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kumbuka inabadilisha urefu wa mkono. Ukiichomeka ikiwa imenyooka na toki renchi, mkono umerefuka na nati inakazwa zaidi ya namba uliyoweka. Hesabu yake: namba unayotaka, mara urefu wa toki renchi, gawanya kwa urefu wa toki renchi ukijumlisha na wa krofuti. Mfano toki renchi ya sentimita 40 kutoka mahali unaposhika mpaka kwenye mraba wake, krofuti sentimita 4 kutoka mraba mpaka katikati ya nati, unataka Nm 44: unaweka 40. Ukiigeuza ikae nyuzi 90 na mkono wa toki renchi, hakuna hesabu, weka namba kama ilivyo. Mimi hupenda hivyo, inaondoa wasiwasi.

Dizeli Mkongwe

Maneno ya Bi Nozeli yachukue kama yalivyo.

Na leo usiku kabla hujafunga gereji, zipulizie hizo bolti mbili mafuta ya kulegeza kutu, uziache mpaka asubuhi. Kesho ukishavalisha soketi, gonga kidogo mwisho wa estensheni kwa nyundo kabla ya kuvuta. Mshtuko unavunja kutu kwenye uzi, na soketi inakaa mpaka mwisho kichwani. Ukivuta, vuta polepole kwa nguvu inayopanda, usinyakue. Na ya kulia ianze kwanza kwa sababu ni nzima. Ukishaijua njia, ya kushoto utaifanya kwa mkono uliozoea.

Kijana wa Igoma

Mrejesho wakuu. Nimenunua estensheni mbili ndefu, yunivaso na soketi ya kona 6. Krosimemba imetoka, mkia umeshuka, na kweli nafasi imefunguka juu mpaka nikashangaa. Ya kulia imetoka kwa mkono mmoja. Ya kushoto ililia sana lakini soketi haikuteleza. Gia boksi iko chini, klachi pleti imekwisha mpaka kwenye rivet.

Sasa kurudisha. Hizo mbili nitaziingizaje huko wakati sizioni? Na nikaze kwa kipimo gani kupitia yunivaso?

Dizeli Mkongwe

Hongera. Bolti iliyoliwa tupa, weka mpya ya urefu uleule, uzi uleule na ugumu uleule. Linganisha namba iliyo juu ya kichwa. Kila bolti irudi kwenye tundu lake, maana urefu hautofautiani kwa bahati.

Kuziingiza: weka kipande kidogo cha karatasi ndani ya soketi kisha usukumie kichwa cha bolti, kitabana na hakitaanguka. Wengine wanatumia grisi, nayo inafaa. Zungusha estensheni kwa vidole tu, bila racheti, mpaka uzi ushike vizuri. Ukihisi ugumu mwanzoni, rudisha nyuma, uzi umeenda upande.

Zote zianze kwa vidole kabla hujakaza hata moja. Na gia boksi lazima ikae yenyewe bapa kwa bapa na injini, kwa kusukuma kwa mkono. Ikibaki nafasi, shafti haijaingia kwenye klachi pleti, irudishe nyuma uipange upya. Usiivute kwa bolti hata kidogo. Masikio ya gia boksi ni aluminiamu, yanapasuka.

Kipimo chukua kwenye kitabu cha injini hiyo. Estensheni iliyonyooka haibadilishi kipimo cha toki renchi, lakini yunivaso iliyopinda inakidanganya. Kwa hiyo ukaze hizo mbili kabla hujapandisha mkia, wakati mstari bado umenyooka. Ukishapandisha na kufunga krosimemba, hutazifikia tena.