Rangi za vidole wanazopewa watoto chekechea: nani amezipima? Nataka karatasi, sitaki maneno

Wakuu, uzi ni mrefu na nina hasira. Mwenye mtoto chekechea naomba asome mpaka mwisho.

Nazungumzia zile rangi za maji ambazo watoto wadogo wanachovya vidole na kupaka kwenye karatasi. Zile za vikopo sita kwenye boksi laini la plastiki. Siku hizi chekechea nyingi hapa Dar zimeziingiza kwenye orodha ya mahitaji ya muhula, pamoja na rimu ya karatasi, sabuni na karatasi za chooni. Mzazi ananunua, mwalimu anamimina kwenye sahani, mtoto wa miaka miwili na nusu anazamisha kiganja kizima, anapaka, anafurahi, halafu kidole kinaenda mdomoni. Yeyote aliyewahi kulea mtoto anajua kwamba kidole lazima kiende mdomoni.

Wa kwangu alirudi nyumbani mikono imevimba. Katikati ya vidole kulikuwa na vipele vidogo vyenye maji, vimesongamana. Baadaye ngozi ya viganja ikakauka na kupasuka, akawa hawezi kushika kijiko bila kulia. Daktari wa ngozi hakuuliza kala nini. Aliuliza, "Mama, ameshika kitu gani kipya?" Nikaenda shuleni kuomba nione hayo makopo.

Ngoja niwaelezee nilichokishika. Kopo dogo jekundu, mfuniko mweupe, ubavuni picha ya dubu ameshika brashi. Kuna maandishi ya Kiingereza yanayosema haina sumu, na pembeni kuna alama ya CE, ile ya kudai kwamba bidhaa inatimiza sheria za Ulaya. Basi. Jina la mtengenezaji hakuna. Anwani hakuna. Namba ya toleo hakuna. Viambato hakuna. Umri wa mtoto anayefaa kuitumia hakuna. Nilipofungua, ile nyekundu inanukia stroberi. Nikaigusa kwa ncha ya ulimi (msijaribu nyumbani): uchungu hamna, utamu wa mbali upo. Mwalimu mwenyewe akaniambia, "Hiyo nyekundu wanaipenda sana, wengine wanailamba."

Shikilieni hapo kwenye kulamba, maana ndipo hasira yangu ilipoanzia.

Ulaya kuna kiwango maalumu cha rangi za vidole peke yake. Kinaitwa EN 71-7, ni sehemu ya saba ya viwango vya usalama wa vitu vya kuchezea. Waliokiandika walijua kabisa kwamba mtoto atalamba. Kwa hiyo kiwango kinadai rangi ya vidole iwekwe kitu kichungu, kwa makusudi, ili mtoto akionja mara moja ateme. Vichungu vyenyewe vimetajwa kwa majina, kimojawapo ni denatoniamu, ambacho hata kikiwa chembe tu mdomo mzima unakunja. Mtoto wa kule anapewa rangi inayomkataza kulamba. Wa kwetu anapewa yenye harufu ya stroberi. Halafu mtu ananiambia nisikuze mambo?

Kiwango hichohicho kinaorodhesha vihifadhi (dawa za kuzuia rangi isioze) vinavyoruhusiwa na kiasi chake, kinataka vihifadhi vilivyotumika vitajwe kwenye kopo, kinataka asidi na ubesi wa rangi ubaki kati ya pH 4 na 10 ili isiunguze ngozi, na kinapima metali. Namna wanavyopima metali ndiyo iliyonifungua macho. Hawaulizi tu kuna metali kiasi gani ndani ya kopo. Wanachukua rangi, wanaichanganya na tindikali ya haidrokloriki iliyopunguzwa nguvu ifanane na ya tumboni, wanaitikisa saa moja kwenye nyuzi joto 37, wanaiacha itulie saa nyingine, halafu wanapima ni metali kiasi gani imetoka ikaingia kwenye ile tindikali. Yaani wanaiga tumbo la mtoto. Kwa madini ya risasi, kikomo cha vitu vya kuchezea vya majimaji au vinavyonata kilikuwa miligramu 3.4 kwa kilo. Tangu Oktoba 2018 kimeshushwa hadi 0.5.

Nimeandika hayo kwa sababu nilipofika dukani Kariakoo nilikuta majibu ya namna hii:

"Mama, hizi hazina shida, shule zote zinachukua hapa."
"Nani amekwambia hazina shida?"
"Si imeandikwa hapo."

Nikamuomba cheti. Akampigia bosi wake, akanipa simu niongee naye. Bosi akasema, "Dada yangu, kama huzitaki ziache, wenzako wanabeba kwa katoni." Akakata.

Kuandika "haina sumu" si kipimo. Hata mimi nikiwa na printa naweza kuandika. Na ile CE watu wanayoiamini kama muhuri wa serikali, mtengenezaji anaibandika mwenyewe. Kwa vitu vingi vya kuchezea hakuna ofisi inayoigawa. Mtengenezaji ndiye anayetangaza kwamba bidhaa yake inatimiza sheria, na anatakiwa awe na faili la vipimo la kuonyesha akiulizwa. Sheria hiyohiyo, Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2009 namba 48, inamlazimisha aweke jina lake, anwani yake na namba ya kuitambua bidhaa. Kwa hiyo kopo lenye CE lisilo na jina la mtu limejisuta lenyewe. Huhitaji maabara kujua hilo, macho yanatosha.

Sasa niseme la vihifadhi, maana hapa wengi tunapigwa chenga. Kila mtu akisikia sumu kwenye rangi anawaza risasi. Ni kweli risasi ni hatari. WHO wanasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo anafyonza mara nne hadi tano ya mtu mzima kwa kiasi kilekile walichomeza. Anayeona ni habari ya mbali asome ya Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichafua mtaa mzima. Mwanaharakati Phyllis Omido alianza kupiga kelele baada ya mwanawe mchanga kukutwa na risasi kwenye damu, na ilibidi kesi ifike Mahakama ya Juu ya Kenya, Desemba 2024, ndipo fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya irudishwe kwa wananchi. Sitanii na risasi.

Lakini rangi ya vidole ni maji na kitu cha kuifanya iwe nzito, mara nyingi wanga au selulosi. Bakteria na ukungu wanaila kama uji. Bila kihifadhi, kwa joto hili la Dar, ingeoza kabla haijatoka bandarini. Kwa hiyo kihifadhi lazima kimo, na swali ni kipi na kiasi gani. Kuna kimoja kinaitwa methilisothiazolinoni, kwenye lebo wanakifupisha MI au MIT. Wataalamu wa Marekani wa mizio ya ngozi walikitaja kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2013, kwa jinsi kilivyokuwa kinaharibu ngozi za watu kupitia losheni na vitambaa vyenye maji. Ulaya wakakiondoa kabisa kwenye vipodozi vya kupaka na kuacha mwilini. Kwenye vitu vya kuchezea vyenye maji vya watoto walio chini ya miaka mitatu wakaweka kikomo cha miligramu 0.25 kwa kilo, robo ya miligramu! Na mzio wa aina hii ukishakuingia hauondoki. Mtoto aliyeupata chekechea atakuwa anasoma lebo za shampuu mpaka uzeeni.

Sasa niambieni, mzazi atajuaje kama kimo, ikiwa kopo halina orodha ya viambato hata mstari mmoja? Daktari alitaka kujua kilichomo ili ajue cha kumpima mtoto. Sikuwa na cha kumpa. Kopo lina picha ya dubu.

Najua kuna watakaokuja na "mtoto wako ana ngozi laini, wenzake mbona wako sawa". Mwalimu mkuu aliniambia hivyohivyo, kwa sauti ya upole kabisa. Nawajibu mapema. Sijasema kopo lile lina risasi wala lina MIT. Nasema hakuna mtu hata mmoja kati ya muuzaji, shule na mimi anayejua kilichomo, na bado linafunguliwa mbele ya watoto thelathini asubuhi. Huo ndio uovu ninaoulalamikia. Na vipele angalau vinaonekana. Risasi haimvimbishi mtoto mkono. Inamharibu ubongo kimyakimya, na wewe unamchapa kwa kutoshika masomo.

Na yule atakayesema "rangi zetu siku hizi zinapimwa, kuna kikomo cha risasi cha 90 ppm (sehemu 90 kwa milioni)", kikomo hicho ambacho UNEP (shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa) na WHO wanazihimiza nchi ziweke kwenye sheria ni cha rangi za nyumba na za kupaka juu ya vitu. Hakuna anayelamba ukuta kwa makusudi ya somo. Rangi ya vidole inaingia mdomoni ikiwa mbichi, kwa hiyo inapimwa kivyake na kikomo chake ni kikali zaidi. Msiwakubalie wanaochanganya hayo mawili.

Wamarekani nao hawakuzaliwa wakijali. Mwaka 2007 kampuni ya vitu vya kuchezea ya Mattel ilirudisha zaidi ya vitu vya kuchezea milioni moja kwa sababu ya rangi yenye risasi, wazazi wakawaka, na mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria inayolazimisha bidhaa za watoto zipimwe na maabara huru inayotambuliwa. Ni hasira ya wazazi iliyosukuma lile jambo. Nasi hatuhitaji kuanza na Bunge. Vitu vya kuchezea vya watoto vimo kwenye utaratibu wa TBS (Shirika la Viwango Tanzania) wa kukagua bidhaa kabla hazijapakiwa melini, ule wa PVoC. Maana yake aliyeingiza mzigo kwa utaratibu huo anatakiwa awe na cheti cha ulinganifu mkononi. Ni karatasi, ina namba, inatolewa kopi. Anayekataa kuionyesha aseme kwa nini.

Mnaotaka watoto waendelee kupaka wiki hii, chemsheni unga wa mahindi laini au wanga wa muhogo na maji mpaka uwe mzito, acheni upoe, gawanyeni, tieni rangi ya chakula au maji ya biti au mchicha uliosagwa na kuchujwa. Manjano nunueni mizizi msage wenyewe, ya unga msiiamini hovyo, kwa sababu Bangladesh walikuta wafanyabiashara wanaichanganya na kromati ya risasi ili ing'ae. Uji huo hauna kihifadhi, kwa hiyo jioni mwageni, kesho mpike mwingine. Ni kazi, ndiyo. Ila unajua ulichoweka.

Kwa wenye shule: toeni rangi kwenye orodha ya mahitaji, au andikeni aina gani na mkubali kuwajibika kwa aina hiyo. Si haki kumtuma mzazi akanunue "rangi za vidole, boksi moja", akaleta ya elfu nne kwa sababu ndiyo anayoimudu, halafu mkazimimina zote kwenye sahani moja. Mzazi aliyejibana akanunua iliyopimwa, mtoto wake anachovya kwenye sahani hiyohiyo. Nililiona hilo kwa macho yangu na lilinikata maini kuliko vile vipele.

Kwa wazazi: piga picha kopo la mtoto wako pande zote, weka hapa. Tuone mangapi yana jina la mtengenezaji.

Kwa waingizaji na wauzaji wa jumla, najua mmo humu, maana kila siku mnatangaza biashara zenu: wekeni ripoti ya maabara kwenye uzi huu. Msiniletee leseni ya biashara wala cheti cha usajili wa kampuni. Nataka ripoti ya maabara yenye ithibati, yenye jina la bidhaa lilelile lililo kwenye kopo, namba ya toleo, tarehe ya kipimo, majina ya vihifadhi na kiasi, na matokeo ya risasi, kadimiamu, aseniki na zebaki. Na picha ya kopo pembeni, tulinganishe.