Ushauri wenu wakuu: loji ya vyumba 26 Nyegezi, tununue sola na betri kubwa au tuanze na nini?

Msimamizi_Nyegezi

Wakuu, salaam. Nasimamia loji ya ghorofa tatu hapa Nyegezi, Mwanza, si mbali na stendi. Vyumba 26, mgahawa chini, ukumbi mdogo wa mikutano, na nguo tunafua wenyewe. Mwenye mali ni mzee mstaafu anayeishi Geita, na simu zake siku hizi hazina salamu ndefu, ni bili tu.

Tulipokuwa LUKU tulijua tunachokula. Matumizi yalipovuka uniti 7,500 kwa mwezi tukahamishiwa T2, daraja la bei la watumiaji wakubwa zaidi, na bili sasa inakuja na mistari miwili mikubwa: uniti, na hii ya kVA, yaani kipimo cha umeme tunaovuta kwa mpigo. Mwezi uliopita uniti zilikuwa 8,000 na kVA ikasoma 62. Kwa bei zile za EWURA, wadhibiti wa nishati, za 2016, uniti ni shilingi 195 na kila kVA ni 15,004. Kabla ya kodi hiyo ni 1,560,000 ya uniti na 930,248 ya kVA. Hii ya pili mzee anaiita "kiingilio", na anataka nimweleze tunaingia wapi.

Sasa amejitokeza muuzaji mmoja. Anataka kutuwekea paneli za kilowati 30 juu ya paa na betri za lithiamu za uniti 60. Anasema jengo litakuwa "smati", litaongea na gridi lenyewe, mchana tutawauzia TANESCO na usiku tutakula betri. Bei yake siiandiki hapa, nisije nikampandisha mtu presha.

Je, majengo ya namna hiyo yapo kweli au ni maneno ya sokoni? Na kama hela haitoshi kufanya vyote, kipi kitangulie? Naomba kuwasilisha.

Kijana_wa_Mabatini

Kiingilio laki tisa? Hiyo ni mechi ya Pamba Jiji na nani?

Fundi_Fezi_Tatu

Mkuu, kabla ya sola tuambie mambo matatu. Maji ya moto mnapata vipi? Pampu ya maji inawaka saa ngapi? Na ni saa ngapi jengo zima linakuwa na kelele nyingi? Bila hayo tutakupigia ramli.

Msimamizi_Nyegezi

Kila chumba kina shawa ya umeme, zile zinazochemsha maji papo hapo, kilowati 5.5. Wageni wetu wengi ni wa mabasi, kwa hiyo kuanzia saa kumi alfajiri korido nzima inaoga. Pampu ya kisima inajiwasha boya likishuka. Mashine za kufulia zinaanza saa kumi na moja ili shuka ziwahi kamba. Mchana jengo karibu tupu. Jioni ni AC, jiko na TV.

Fundi_Fezi_Tatu

Basi kiingilio chenu tumekiona. Shawa kumi zikiwaka pamoja ni kilowati 55. Wageni wakioga tenki linashuka, boya linaiita pampu, na dobi naye anabonyeza mashine. Vyote ndani ya saa moja, jua halijatoka hata Kisesa. Sasa jiulize, paneli za kilowati 30 zitakusaidia nini saa kumi na nusu alfajiri?

Mpiga_Debe_Msomi

Hapo tatizo ni pampu tu. Mota ikiwaka inavuta umeme mara tano au sita, ndiyo inayopandisha kVA. Weka stata nzuri, kile kifaa cha kuwashia mota taratibu, mambo yaishe.

Mhandisi_Kapripointi

Hapana ndugu yangu. Ule mvuto wa kuwasha mota ni wa sekunde chache. kVA ya bili inapimwa kwa wastani wa dakika 30, kwa hiyo sekunde tatu za pampu zinamezwa humo. Kinachouma ni vitu vingi kuwaka pamoja kwa nusu saa nzima. Stata nzuri inalinda mota na waya, bili haiigusi sana.

Msimamizi, nitakujibu kwa urefu kidogo, maana swali lako la kwanza lina ukweli ndani yake.

Majengo hayo yapo. Shirika la Kimataifa la Nishati liliendesha mradi wa utafiti uitwao Annex 67, kuanzia 2014 hadi 2019, juu ya jambo hilihili: jengo linaloweza kusogeza matumizi yake bila wakazi kuumia. Kule Denmark zaidi ya nusu ya umeme unatokana na upepo, na upepo hauulizi mtu anataka kupika saa ngapi. Ukivuma sana usiku bei inashuka, na pampu za joto majumbani zinapasha maji na sakafu wakati huo. Ukitulia, nyumba inaishi kwa joto ililokwisha kujiwekea. Mtambo unapokea bei ya kila saa na kujiamulia. Hiyo ndiyo "kuongea na gridi".

Kwetu, mteja wa T1 (daraja mlilotoka) au T2 hana bei ya saa. Uniti ya saa sita mchana na ya saa mbili usiku ni bei moja. Kwa hiyo jengo lako hata likiwa smati kiasi gani, halina bei ya kusikiliza. Ila lina kVA. Kila nusu saa mita inakuuliza umevuta kiasi gani kwa mpigo, na jibu kubwa kuliko yote ndilo unalolipia mwezi mzima. Hapo ndipo penye pesa yako, na hapahitaji programu yoyote kutoka Ulaya.

Usidhani ni TANESCO wanakukomoa. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, lakini liko Rufiji, na umeme unasafiri mamia ya kilomita mpaka ufike ziwani. Laini na transfoma zinajengwa kwa ukubwa wa kilele, hata kama kilele chenyewe ni saa moja ya kuoga.

Sasa ghala. Watu wakisikia kuhifadhi umeme wanawaza betri. Wewe una ghala tatu za bei rahisi kabla ya betri.

La kwanza ni maji ya moto. Chukua wageni 30, kila mmoja lita 20 za nyuzi 60 atakazochanganya na baridi. Hizo ni lita 600. Kuzitoa nyuzi 24 hadi 60 ni kama uniti 25. Tenki lililovikwa vizuri linazitunza hadi alfajiri likipoteza kidogo. Kwa hiyo tenki la lita 600 ni sawa na kuhifadhi uniti 25, na halichoki baada ya miaka kadhaa kama lithiamu. Weka vikusanya joto vya jua juu ya paa, na hita moja ya akiba ya kilowati 6 inayowaka mchana tu. Usishushe tenki chini ya nyuzi 60, maji ya uvuguvugu hufuga bakteria. Shawa za papo hapo ziondoke.

La pili ni maji yenyewe. Kupandisha lita 10,000 kwenda juu mita 40 ni kama uniti 3 tu ukihesabu na upotevu wa pampu. Taima iizuie kuwaka kati ya saa tisa usiku na saa mbili asubuhi, ijaze simtanki saa tano mchana. Boya la chini kabisa libaki la dharura.

La tatu ni baridi: friza za mgahawa, na ukumbi. Mkutano ukianza saa nane, poza ukumbi kuanzia saa sita jua likiwa juu, halafu AC zipungue watu wakishaingia. Kwa vyumba, upepo wa ziwa usiku unatosha wageni wengi ukiwapa feni na nyavu nzima madirishani.

Ukifanya hayo, mzigo wa alfajiri unahamia mchana, na HAPO ndipo paneli zinapata kazi. Kilowati 30 za paneli kwa Mwanza ni kama uniti 120 kwa siku ya jua zuri. Leo mchana jengo lako ni tupu, nyingi zingekosa mlaji. Muuzaji ameliona hilo, ndiyo maana anakuuzia na betri.

Mama_Barafu_Mwaloni

Mhandisi amesema kweli kwenye baridi. Mimi niko Kirumba, nagandisha barafu kwa wenye sangara. Ninagandisha mchana paneli zikiwa zinalisha mashine, na jioni nazima mpaka watu wapike wamalize. Sanduku likiwa na unene mzuri barafu haijui kama umeme umezimwa. Ila mwanangu angalia kitu kimoja: umeme ukikatika halafu ukarudi, friza zote na AC zote zinarudi na njaa. Zote zinavuta pamoja, na hiyo si ya sekunde. Fundi wangu aliniwekea taima, kila mashine inasubiri zamu yake.

Fundi_Fezi_Tatu

Mama yetu amegusa penyewe. Hiyo nusu saa ya kurudi umeme ndiyo inaharibu mwezi mzima. Kontakta (swichi inayojiwasha kwa amri ya taima) na taima kwa kila kundi la mashine, tofauti ya dakika kumi na tano au ishirini, ni kazi ya siku moja. Halafu kagua pawa fakta, yaani sehemu ya umeme mnaovuta inayofanya kazi kweli. Mota za dobi na pampu zikiwa na pawa fakta mbovu unalipia kVA ambazo hazifanyi kazi. Benki ndogo ya kapasita inazipunguza.

Stima_Kisumu

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Huku kwetu mambo ni tofauti, msinakili ratiba yetu. Kenya Power walianzisha bei ya saa Desemba 2017 kwa biashara na viwanda: usiku kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, ukishapita kiwango chako cha matumizi, uniti inashuka hadi nusu bei. Kwa hivyo watu wa kold rumu huku wanagandisha usiku. Uganda nao wana bei ya saa kwa wateja wakubwa, na ghali kuliko zote ni saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku. Ziwa ni moja, lakini saa ya kuwasha mashine inategemea uko mwambao gani. Ushauri wangu: wekeni taima zinazobadilishika. TANESCO wakileta bei ya saa kesho, mtageuza ratiba tu badala ya kununua vitu upya.

Mhasibu_Igoma

Nyongeza ya hesabu. Mhandisi na Fundi wakikushusha hadi kVA 38, kiingilio kinakuwa 570,152. Lakini usimwahidi mzee mwezi wa kwanza! Wanakutoza kilicho kikubwa kati ya kilele cha mwezi huo na asilimia 75 ya kilele cha juu cha miezi mitatu iliyotangulia. 62 yako itakufuata kama 46.5 mpaka miezi hiyo ipite. Jambo la pili, sola ikishusha uniti chini ya 7,500 usikimbilie kuomba kurudi T1. Kule uniti ni 292. Kwa kVA 38, T2 inabaki nafuu mpaka uniti zishuke chini ya 5,900 hivi.

Msimamizi_Nyegezi

Nashukuruni sana. Nimempigia mzee, nikamsomea ya Mhasibu mara mbili, na kwa mara ya kwanza hakukata simu. Amekubali tenki la maji ya moto, taima, na dobi ahamie saa tatu asubuhi. Paneli tufikirie kilowati 15 kwanza. Je, ile ya kuwauzia TANESCO niiweke kwenye hesabu? Na betri tuachane nayo kabisa?

Mhandisi_Kapripointi

Ya kuuza iache nje ya hesabu mpaka uwe na mkataba na mita ya njia mbili mkononi. Mpaka hapo inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi, ipangwe isirudishe umeme kwenye laini. Na mwulize muuzaji swali hili mbele ya mzee: umeme wa gridi ukikatika saa sita mchana, paneli zitaendelea? Inveta ya gridi isiyo na betri hujizima hata jua likiwaka, na ni sahihi ijizime, maana kuna fundi juu ya nguzo. Kwa sababu hiyo betri ndogo ina nafasi: mapokezi, taa za korido, ruta, friji ya mgahawa. Uniti 10 zinatosha kuanzia. Shawa zisiiguse.

Fundi_Fezi_Tatu

Mimi ya mwisho: lita 600 ni kilo 600 bado hujahesabu tenki lenyewe na stendi yake. Mwite mtu wa majengo akague slabu kabla hamjapandisha kitu. Na kwenye paneli acheni njia ya mtu kupita na ndoo, maana wale ndege makorongo wa Mwanza wakishajua hilo paa ni lao, mtaosha kila wiki.