Yeremia 29:11, mbona mstari wa 10 tunauruka?

Wakuu, hili linanikera kila mwaka ukianza. Mkesha wa mwaka mpya kanisani kwetu tunapita mbele kuchukua kadi za neno la mwaka kwenye kikapu, na Yeremia 29:11, ule wa "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, ni mawazo ya amani", lazima ziwemo nyingi. Jirani yangu kwenye benchi kaipata, kaibusu, kaichomeka nyuma ya kava la simu, ananinong'oneza "mwaka huu nyumba napaua". Nikasema amina, ningesemaje.

Ila hivi kuna mtu huwa anasoma mstari wa juu yake? Huhitaji chuo cha biblia, panda mstari mmoja tu: "Babeli itakapotimiziwa miaka sabini". Miaka 70 jamani! Ile ni barua Yeremia katuma kutoka Yerusalemu kwa mateka ambao Nebukadreza mfalme wa Babeli kashawabeba na mfalme wao Yekonia mwaka 597 KK, anawaambia jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni mzae, hata mji huohuo wa adui uombeeni amani, maana hamrudi kesho. Mtu wa miaka 40 aliyeisikia ikisomwa alijua kabisa atazikwa hukohuko.

Sasa rudi sura moja nyuma umwone nabii Hanania. Yeye kaja na miaka miwili tu, mateka na vyombo vya hekalu vyote vinarudi, akamvua Yeremia nira aliyoivaa shingoni kama ishara ya kutumikia Babeli, akaivunja watu wote wanaona. Ningekuwepo mimi ningempigia makofi, nani hapendi miaka miwili? Mwaka uleule mwezi wa saba Hanania akafa. Sisi tunabeba maneno ya Yeremia halafu tunayahubiri kwa mdomo wa Hanania, miezi 12 kila kitu kimejibu.

Halafu wenye Kiswahili ndo hatuna kisingizio kabisa. Mtu akisoma kwa Kiingereza "wewe" na "ninyi" ni neno lilelile, anaweza akajidanganya, ila sisi imeandikwa "ninayowawazia ninyi". Ninyi! Taifa zima, siyo wewe na kiwanja chako.

Najua mtanijia na Mathayo 2:15, kwamba mbona naye kachukua Hosea 11:1, mstari unaomzungumzia Israeli kutoka Misri, akaupeleka kwa Yesu. Hoja nzito, sikatai, na mimi imenisumbua sana. Ila angalia Mathayo alichofanya, mtoto kakimbizwa Misri kisha anarudishwa, anapita njia ileile waliyopita Waisraeli, kwa hiyo habari nzima ya Hosea anaijua na anaitumia. Hakuuokota kikapuni.

Na sisemi mstari hautuhusu. Unatuonyesha Mungu aliyekuwa hajawatupa watu wake hata wakiwa wanalipia makosa yao wenyewe, mimi hiyo naiona kubwa kuliko nyumba kupauliwa. Anayeona nimepotoka karibu, ila usinijie na ushuhuda wa gari, nieleze ile 70 unaiweka wapi.