Naomba ushauri: kalenda ya Majilio kwa watoto wawili

Habari zenu wakuu. Nina watoto wawili, wa miaka 9 na 5, na nataka kuwaandalia kalenda ya Majilio, yaani ya kuhesabu siku za kungoja Krismasi. Nilipokuwa mdogo, mama alichora mistari 24 ya chaki nyuma ya mlango, nasi tukifuta mmoja kila jioni (baadaye nikasoma kwamba Walutheri wa Ujerumani walikuwa na desturi kama hiyo karne ya 19). Zawadi hakuna, lakini mstari wa mwisho tuliugombania mpaka chaki inaingia puani.

Mwaka jana niliwanunulia kalenda ya chokoleti, ya kufungua kidirisha kimoja kila siku. Siku ya tatu tu mdogo akawa ameshafungua vidirisha vyote, mkubwa akalia hadi usiku.

Sasa nimeshona vifuko 24 na kuvining'iniza kwenye kamba. Nianze Desemba 1, au Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo huhamahama kati ya Novemba 27 na Desemba 3? Ikiwahi, vifuko havitoshi. Wafungue kwa zamu, au kila mmoja awe na vyake? Na ndani niweke nini zaidi ya peremende? Nawaza vikaratasi vya kumbukumbu za bibi yao, ila huyu mdogo kusoma bado.