Kulala Tannehill, kulala Brierfield au kutwa moja Sloss? Ushauri wa safari ya familia kwenye matanuru ya chuma Alabama

MamaWatatu

Habari zenu wadau. Tunaishi Atlanta. Watoto ni watatu, miaka 13, 9 na 5, na mama mkwe yuko kwetu hadi mwisho wa mwaka. Huyu mkubwa amesoma shuleni jinsi Birmingham ilivyozaliwa mwaka 1871 kwa sababu madini ya chuma, makaa ya mawe na mawe ya chokaa yalipatikana karibu karibu, na tangu siku hiyo anaomba tumpeleke akaone kwa macho yake. Tumepata Ijumaa hadi Jumapili, mwezi wa kumi.

Nimebaki na njia tatu. Kwanza, kupiga hema Tannehill Ironworks, kusini-magharibi mwa Birmingham. Pili, Brierfield Ironworks, kusini zaidi, jirani na Montevallo, ambako nako wanapokea wageni wa kulala. Tatu, tulale hotelini mjini, tuone Sloss Furnaces, kiwanda cha zamani cha chuma, siku moja, basi. Baba watoto anataka hema. Mimi nawaza magoti ya mama mkwe na huyu wa miaka 5 asiyetulia. Aliyefika anisaidie.

Kijana wa Hema

Tannehill, dada, bila kufikiria mara mbili. Nimelala pale mara nne. Hifadhi ni kubwa, zaidi ya ekari 1,500, na mtoto akichoka na historia ana kijito cha kuchezea, kuna treni ndogo ya watoto, na kuna kinu cha kusagia mahindi. Nyumba za magogo za karne ya 19 zimehamishiwa pale kutoka sehemu mbalimbali. Eneo la hema lina miti mikubwa, na ukitaka umeme na maji ya bomba unalipia nafasi yenye vitu hivyo.

Mwezi wa kumi mchana bado kuna joto lakini usiku ni baridi ya kweli. Beba magodoro ya kutandika chini, siyo mablanketi ya juu tu. Baridi ya hema inatoka ardhini. Na kila mkirudi kutoka msituni kagueni kupe, nyuma ya magoti na kwenye nywele.

Bint Pwani

Naungana naye kuhusu Tannehill, ila usimlaze bibi kwenye hema. Baadhi ya zile nyumba za magogo zinakodishwa kwa wageni. Ni chache, kwa hiyo piga simu mapema. Sisi tulimweka mama kwenye nyumba, baba na wavulana wakapiga hema. Asubuhi wote tunakutana barazani kwa chai. Mama alifurahia kuliko sisi.

Jambo jingine: angalia ni wikendi ya ngapi. Wikendi ya tatu ya kila mwezi, kuanzia Machi hadi Novemba, kuna mnada mkubwa pale ndani, watu wanauza vitu vya kale na vya mkono. Ukipenda pilika, nenda hiyo. Ukitaka watoto wasikie kijito, chagua nyingine.

Fundi Chomeleza

Mimi nasimama na Sloss, na nina sababu. Kazi yangu ni chuma. Tannehill unaona tanuru la mawe, zuri, lakini mtoto wa miaka 13 anayeuliza "kilifanyaje kazi" atajibiwa vizuri zaidi Sloss. Kiwanda kilianza kutoa chuma mwaka 1882 na kikafungwa mwaka 1971, kwa hiyo mashine zimebaki mahali pake: mabomba makubwa kuliko basi, injini za mvuke za kupulizia hewa, na banda ambamo chuma kilichoyeyuka kilitiririka kwenye mifereji ya mchanga. Unasimama chini ya tanuru lenyewe. Simamisha mtoto hapo umwambie madini, makaa na mawe ya chokaa yaliingia kule juu, hewa ya moto ikapulizwa huku chini, chokaa ikabeba uchafu ukatoka kama mavi ya chuma, na chuma kizito kikashuka chini kabisa. Ataelewa kwa dakika tano.

Lakini kusema ukweli, si mahali pa mtoto wa miaka 5 kwa saa nyingi. Ngazi za chuma, kingo, kutu kila mahali. Viatu vya kufunika vidole, na mkono wake usiuachie. Kigari cha mtoto kitakusumbua. Kulala hakuna.

MamaWatatu

Asanteni. Fundi, umenifanya niwaze upya. Na Brierfield je? Hakuna aliyeitaja.

Kijana wa Hema

Brierfield ni ndogo na tulivu. Tanuru lake limebaki gofu, kwa hiyo mtoto inabidi aelezwe mengi kwa maneno. Ni nzuri kwa watu wazima wanaotaka kukaa kimya na kusoma. Kwa watoto watatu, hapana.

Mzee wa Kagera

Mwanangu, nimesoma yote haya na nimeona jambo moja halijaguswa. Mmezungumza joto, kupe na ngazi. Nani alijenga?

Mawe ya Tannehill yalichongwa kwa mikono ya watumwa. Fundi chuma aitwaye Daniel Hillman alianza pale na karakana ndogo ya kufulia chuma mwaka 1830, kisha kuanzia mwaka 1859 Moses Stroup akasimamia ujenzi wa matanuru makubwa. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe yalifikia matatu, yakiweza kutoa hadi tani 22 za chuma kwa siku, na chuma hicho kililitumikia jeshi la majimbo yaliyopigania utumwa uendelee. Kukata miti, kuchoma makaa, kuchimba madini, kulisha tanuru, sehemu kubwa ilikuwa jasho la watu weusi wasiolipwa. Tarehe 31 Machi 1865 askari wapanda farasi wa Muungano, yaani upande wa kaskazini, kutoka Iowa walifika wakachoma kila kitu. Brierfield nayo iliangamizwa katika uvamizi huohuo. Sloss ilikuja baada ya utumwa, lakini kampuni yake ilitumia wafungwa waliokodishwa kwenye migodi ya makaa, wengi wao weusi. Alabama iliacha mtindo huo mwaka 1928, jimbo la mwisho kufanya hivyo.

Simaanishi msiende. Nendeni, na mlale hapohapo Tannehill. Lakini wajukuu zangu niliwapeleka kwanza kwenye njia ya miguu inayopita walikoishi watumwa, kabla ya treni na kabla ya kijito. Niliwaambia pia kwamba kwetu Buhaya wahunzi walikuwa wakiyeyusha chuma kwa mivukuto na matanuru ya udongo tangu miaka kama elfu mbili iliyopita. Mjukuu wangu alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo babu, ujuzi huu ulikuwa wetu pia?" Nikamwambia ndiyo.

MamaWatatu

Shikamoo mzee. Asante sana. Nimemsomea mama mkwe maneno yako, amesema sasa ndiyo anataka kwenda. Swali langu: huyu wa miaka 5 nimwambie kiasi gani?

Mzee wa Kagera

Marahaba mwanangu. Mwambie kwamba watu walilazimishwa kufanya kazi hii, hawakulipwa, na hawakuruhusiwa kuondoka. Mtoto wa umri huo anaelewa maana ya kulazimishwa. Mengine atauliza mwenyewe akikua.

Bint Pwani

Mzee, nimejifunza. Mimi nilipita kwenye njia hiyo nikipiga picha za majani.

Dada, kuhusu ratiba: Sloss iko njiani ukitokea Atlanta, na Alabama wako nyuma yenu kwa saa moja. Mkiondoka saa 2 asubuhi mnafika Birmingham kama saa 3 na nusu kwa saa zao. Pitieni Sloss Ijumaa, mkae kwa muda wa saa mbili hivi, halafu mwende Tannehill mkapige hema kabla ya giza. Hakikisheni tu siku na saa wanazofungua.

Fundi Chomeleza

Ningeanza na Tannehill, nimalize na Sloss Jumapili, ili mtoto aone tanuru la makaa ya kuni kwanza na la kisasa baadaye. Ila na watoto waliochoka Jumapili... Bint Pwani yuko sahihi. Ijumaa.

MamaWatatu

Tumerudi jana usiku, nimeona niwape mrejesho.

Sloss tulikaa saa mbili kasoro. Mkubwa alichora mchoro mzima wa tanuru kwenye daftari, na Fundi, aliandika "mavi ya chuma" kwa herufi kubwa. Mdogo alichoka baada ya dakika arobaini, baba yake akamtoa nje.

Tannehill tulimpatia mama mkwe nyumba, sisi hema. Usiku wa kwanza tuliona baridi, wa pili tulitandika vizuri. Jumamosi asubuhi tulianza na ile njia ya watumwa kama mzee alivyosema. Tulikuwa peke yetu. Mama mkwe alitembea polepole na fimbo yake hadi mwisho, hakulalamika magoti. Kisha tukashuka kwenye matanuru. Yameegemezwa kwenye kilima, na mzigo ulipitishwa kwa daraja hadi mdomo wa juu. Mama mkwe aliweka kiganja kwenye jiwe akakaa hivyo kwa muda. Huyu wa miaka 5 akaja akaweka wake pembeni ya wa bibi, akauliza, "Bibi, walikuwa na majina?"

Mama mkwe akamwambia walikuwa nayo. Mchana walicheza kijitoni, treni ndogo walipanda mara tatu.

Anayetaka kwenda na wazee: omba nyumba iliyo karibu na maegesho, na beba kiti cha kukunja. Mabenchi ya njiani hayatoshi.